Kabla hujapanda gari la Kolwezi: safari yako ya kwanza ya kazi

Ukiajiriwa Lubumbashi, kwetu Kongo, katika kampuni inayouza chochote kinachotumika mgodini, iwe vipuri, mafuta, chakula au kompyuta, usitarajie kukaa sana ofisini. Wateja wako Likasi, Fungurume, na wengi zaidi Kolwezi. Siku moja mkuu wako atapita mezani pako, macho kwenye simu, na kusema: «Jumatatu unaenda Kolwezi.» Halafu anaendelea kutembea. Mara nyingi hayo ndiyo maelezo yote utakayopata bila kuuliza.

Mimi niko upande wa pampu. Tunauza, tunafunga, na zikianza kusumbua tunarudi kuziangalia. Wadogo zangu wanaoanza kazi hunipigia simu usiku wa kuamkia safari wakiuliza wavae nini. Nguo zina nafasi yake, nitafika huko. Swali la kwanza ni pesa, na wa kuulizwa ni mtu wa kasha, yaani mtunza fedha wa kampuni, tena mapema, kabla hajafunga dirisha lake siku ya Ijumaa.

Anza na karatasi yenyewe ya ordre de mission, yaani hati ya kampuni ya kukutuma safari. Isome. Jina lako liwe kama lilivyo kwenye kadi yako, tarehe za kutoka na kurudi ziwepo, gari litajwe, muhuri uonekane. Kuna kampuni zinazotaka mteja apige muhuri siku ya kufika na siku ya kuondoka. Kama yenu ni hivyo, ujue kabla, maana kumtafuta katibu wa mgodi Ijumaa jioni ili akugongee muhuri ni adhabu.

Kisha uliza hivi, kwa maneno haya haya: pesa ya safari ni ya jumla, au narudisha risiti? Ukipewa kiasi cha jumla kwa kila siku, ukila mkate na maji jambo ni lako na kinachobaki ni chako. Kama ni kwa risiti, kila dola isiyo na karatasi itakatwa kwenye mshahara, na mshahara wa kwanza unajua una wangapi wanaousubiri. Uliza pia hoteli inalipwa na kampuni moja kwa moja au na wewe. Mafuta na ada ya barabara vinatoka mfukoni mwa dereva au mwako? Kazi ikizidi siku moja, nani anaidhinisha? Hilo la mwisho lipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp wa mstari mmoja. Mkuu anayesema kwenye simu «baki tu, hakuna shida» anaweza kabisa kusahau kwamba alisema.

Wanaoanza kazi huona aibu kuuliza haya. Wanaogopa kuonekana wana njaa ya pesa. Mimi naona kinyume: mtu wa kasha humheshimu anayeuliza kabla kuliko anayekuja kulia baadaye.

Ukihesabiwa dola, usiondoke dirishani. Zigeuze noti moja moja pale pale. Iliyochanika pembeni hata kidogo, iliyoandikwa kwa kalamu, iliyo na doa, irudishe hapo hapo, kwa sababu kwetu noti kama hiyo haipokelewi na mtu, na mwenye hoteli hatajali kwamba uliipata kwa kampuni kubwa. Omba noti ndogondogo. Faranga nazo uwe nazo kwa maji, ndizi na vitu vya njiani, na simu yako iwe na kitu kwenye M-Pesa au Airtel Money kwa siku ambayo chenji itakosekana.

Risiti ndizo zitakazokutoa jasho. Zile zinazochapwa na mashine ndogo, kama za barabarani na za vituo vya mafuta, hufutika. Ukiziacha juu ya dashibodi juani, siku ya kurudi unampelekea mhasibu karatasi nyeupe. Zipige picha siku hiyo hiyo. Nyuma ya kila moja andika kwa kalamu: chakula cha mchana, watu wawili, Fungurume. Mama wa mgahawa asiye na kitabu cha risiti usimlaumu. Mwombe aandike kwenye kipande cha daftari amepokea kiasi gani, asaini, aweke na namba yake ya simu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye safari za kazi anayepotelewa ni wewe, siyo kampuni.

Njia yenyewe ni kama kilomita 300, Likasi ikiwa karibu kilomita 120 kutoka Lubumbashi. Kwa namba inaonekana safari ndogo. Lakini unaigawana na malori: yanayoshuka na shaba kwenda mpaka wa Kasumbalesa, yanayopanda na asidi na mashine, na moja likiharibika kwenye kilima mnakaa. Kampuni nyingi zinazohudumia migodi hazitaki gari lao liwe barabarani usiku, kwa hiyo mnatoka alfajiri. Mwezi wa sita na wa saba alfajiri hiyo ina baridi ya kweli. Chukua koti, usidanganywe na jua la saa sita mchana. Kati ya mwezi wa kumi na moja na wa nne ni mvua, nguo zako za mkutano ziweke ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kuzitia kwenye begi.

Dereva mwite papa, yaani baba, na umsalimie vizuri kabla ya kumwambia habari za saa. Yeye anajua kona zote, anajua mlinzi gani getini ni mgumu, anajua hoteli ambayo jenereta yake huzimwa usiku wa manane. Niliyojifunza kwa dereva wetu mmoja, mzee wa Likasi, hakuna mkuu aliyenifundisha. Mkisimama kula, msimwache ndani ya gari. Jambo moja tu msishirikiane naye: magunia ya makaa. Wakati wa kurudi, makaa ya njiani yana bei nzuri kuliko ya mjini, na gari la kampuni lina nafasi nyuma, na kila mtu anafanya. Wewe ni mgeni kazini. Uyoga wa kilo moja kwa mama yako wakati wa mvua, sawa. Gunia linachafua kiti, na dereva akiulizwa linaweza kuwa «la yule dada mpya».

Sasa geti la mgodi. Hapo ndipo safari inapoweza kufa kabla ya kuanza, na hakuna wa kumlalamikia. Jina lako lazima liwe limetumwa kabla na mtu wa ndani anayekupokea. Bila hilo utakaa kwenye benchi la walinzi ukitazama magari. Mpigie huyo mtu siku moja kabla, umuulize kama ameomba kibali chako na kama wanataka karatasi ya daktari. Mgeni wa mara ya kwanza hukalishwa darasani kwa mafunzo ya usalama, na pengine kuna maswali mwishoni. Sikiliza kweli. Kwenye njia za ndani kuna malori ambayo tairi lake linakupita urefu, na dereva wake hakuoni ukiwa karibu.

Vya kuvaa: buti zenye chuma mbele, kofia ngumu, miwani, kizibao cha kuakisi mwanga. Dada zangu, stoo ya kampuni mara nyingi ina buti za wanaume tu. Usingoje Ijumaa kugundua kwamba namba ndogo kuliko zote inaingiza miguu yako yote miwili. Dai za saizi yako mara unapopewa mkataba, na ukizipata zivae nyumbani, jikoni, sokoni, mpaka zilainike. Ukizivaa mara ya kwanza siku ya kuzunguka kiwandani, jioni hutaweza kusimama. Suruali ya jinzi na shati la mikono mirefu vinatosha kwa kazi. Nguo moja ya heshima ya ofisini iwe kwenye begi, kwa sababu mkurugenzi wa mteja anaweza kutaka kukuona bila taarifa.

Getini wataandika namba ya kompyuta yako. Hakikisha wameiandika sawasawa, uchukue na nakala ya karatasi, la sivyo kutoka nayo ni kesi. Utapuliza kwenye mashine ya kupima pombe. Ukitoka watakupekua, begi mpaka mifukoni. Picha usipige bila ruhusa, hata ya pampu yako mwenyewe. Na jiwe usiokote! Kolwezi ina malakiti, jiwe la shaba la kijani, inayong'aa hata ikiwa vumbini, na mkono unawasha. Kokoto hiyo ikitoka mfukoni mwako mbele ya mlinzi, hakuna maelezo yatakayosikika.

Ukifika kwenye mashine, nenda na daftari la karatasi, kwa sababu simu inaweza kubaki getini. Nakili namba zote zilizo kwenye kibati kilichogongwa kwenye mwili wa pampu, hata kama ofisi imekuhakikishia wanazo. Kibati mara nyingi kimefunikwa na grisi na tope; beba kitambaa. Muulize fundi anayeishi na hiyo pampu, siyo mkuu wake peke yake. Mkuu atakuambia imepoteza nguvu. Fundi atakuambia ilianza lini, inapiga kelele gani, na kwamba mwezi uliopita waliweka mpira wa kuzibia wa aina nyingine kwa sababu wenu ulichelewa. Na usiahidi tarehe. Sema nitauliza Lubumbashi nikupigie kesho, na kesho umpigie kweli, hata kama jibu halijapatikana.

Jioni kuna mitihani miwili. Wa kwanza ni mteja au wenzako wanaotaka mkanywe bia. Mashine ya kupuliza ni rafiki yako hapa: «Kesho asubuhi napita getini» ni jibu ambalo Kolwezi nzima inalielewa, na hakuna anayekukasirikia. Ukiwa mwanamke, omba hoteli isiyo mbali na kazi, chumba kisichokuwa mwisho wa korido, na umwambie wa mapokezi asimpe mtu yeyote namba ya chumba chako, hata akisema mnafanya kazi pamoja. Mazungumzo ya kazi na mwanaume wa safari yenu yafanyike sebuleni au mgahawani. Siyo kiburi, ni utaratibu, na anayeukasirikia amejitambulisha.

Wa pili ni familia. Karibu kila mtu wa Lubumbashi ana ndugu Kolwezi. Mama mdogo alinipigia kabla gari halijavuka Likasi: «Unafika Kolwezi na unalala ku hoteli? Sisi hatuko bantu?» Huwezi kumjibu kwa habari za risiti. Lakini kulala kwa ndugu wakati kampuni imelipa hoteli, au kudai pesa ya hoteli ambayo hukulala, ni mambo ambayo mhasibu huyajua siku hiyo hiyo. Pia hutalala: watakuja majirani, wataleta kesi ya shamba, utakula bukari, yaani ugali, saa nne usiku. Mimi humpigia mama mdogo mwenyewe kabla ya kutoka nyumbani, asisikie kwa mwingine. Namwambia usiku wa kazi niko na wakubwa, ila jioni ya mwisho niko kwake. Nafika na sabuni, sukari na mafuta, vya pesa yangu, siyo ya safari. Atanung'unika kidogo, kisha ataanza kutaja wajukuu wanaotafuta kazi. CV pokea, kazi usiahidi.

Ripoti iandike kila usiku, hata mistari kumi: nimeonana na nani, cheo chake, amelalamika nini, nimesema nini, anasubiri nini. Ukingoja urudi Lubumbashi, wateja watatu watakuwa wamechanganyika kichwani. Kama ofisi kuu yenu iko Kinshasa na wanataka kuzungumza nawe kwa simu, kumbuka Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Wakisema mkutano ni saa tatu asubuhi, uliza saa tatu ya wapi, maana ikiwa ni yao, kwako ni saa nne na unaweza kuwa umeshaingia mgodini bila simu.

Ukirudi, nenda kwa mtu wa kasha siku ya kwanza ya kazi, bahasha ya risiti ikiwa imepangwa kwa tarehe na hesabu imeandikwa juu. Pesa iliyobaki mhesabie mbele ya mtu, hata ikiwa ni faranga za chenji. Atakuambia acha tu hapo, nitaandika baadaye. Kataa kwa upole, mwombe asaini sasa hivi, tarehe na kiasi, na karatasi hiyo uitunze nyumbani, siyo kwenye droo ya ofisi.