Usinunue hiyo darubini: niambie kwanza ilikuwa saa ngapi

Acha. Kwa wauza vitu wa Birere kesho usiende. Hizo dola 280 za likelemba, mchango wenu wa kupokezana, zirudishe chini ya godoro ulikozitoa, kisha soma hadi chini ndipo unitukane.

Unasema mlikuwa mmekaa barazani Kyeshero, hapa Goma, mkaona taa zimepangana kama shanga juu ya ziwa Kivu, hazina sauti, hazimetimeti, zikapanda, halafu zikazimika moja moja kabla ya kufika upande wa Gisenyi, kule Rwanda. Umeuliza ni nini, ununue darubini gani, kamera gani, kama kuna watu hapa Goma wanaofuatilia mambo ya anga, na kama ni hatari. Umeandika hata rangi ya kiti ulichokalia. Saa hukuandika. Umeandika "jana jioni". Mimi kosa la saa lilinila dola 340 na heshima ya mtaa mzima.

Mwaka 2022 nilikuwa juu ya nyumba ya shemeji yangu kule Katindo, nimepanda kuangalia tangi la maji. Nikaona kitu kilekile chako: taa kama ishirini, mstari umenyooka, kimya. Nikafanya kile ambacho kila mjinga hufanya, nikatoa simu nikarekodi. Video ninayo mpaka leo. Ni sekunde arobaini za giza na mbwa wa jirani anabweka.

Wakati huo nilikuwa nafuata jamaa mmoja wa video mtandaoni, simtaji, hastahili kutangazwa bure. Yeye alikuwa na kanuni moja: mwanga usiomweka na usio na sauti si ndege, basi si wa dunia hii. Kutoka "si ndege" mpaka "si wa dunia hii" alikuwa anaruka kwa pumzi moja kama chura. Nililipa dola kumi kwa simu kuingia kwenye kikundi chake cha siri. Siri yenyewe ilikuwa picha za Zuhura zilizokuzwa kwa simu mpaka zikawa duara, na tangazo la kununua "darubini yenye nguvu kubwa". Mungu anamwona.

Nikajitia msomi. Nikaenda kuuliza kwenye jukwaa la wazungu wanaofuatilia setilaiti. Nikaandika kwa Kiswahili, programu ya kutafsiri ikafanya kazi yake: "Nimeona taa saa moja na dakika tano usiku." Umeshaona shimo lilipo? Mimi sikuliona kwa miezi mitano. Programu ikaandika 1:05 ya usiku wa manane. Mzee mmoja wa jukwaa hilo akanijibu kwa upole kwamba saa hiyo, mkiwa karibu na ikweta, jua liko chini mno, setilaiti zote za chini zimo ndani ya kivuli cha dunia na hakuna hata moja inayoweza kung'aa. Akamalizia kwamba hajui nimeona nini.

Hajui! Mtaalamu hajui! Nililala nikicheka peke yangu. Asubuhi nikachukua pesa ya minerval, karo ya watoto, nikashuka Birere kununua darubini.

Sanduku lilikuwa limeandikwa "525", yaani eti inakuza mara 525, kwa herufi kubwa kuliko jina la kiwanda. Kioo chake kilikuwa na upana wa milimita 76. Wenye kujua wanahesabu ukuzaji wa mara mbili kwa kila milimita ya kioo, kwa hiyo 150 hivi ndio mwisho wake, zaidi ya hapo unakuza giza tu. Muuzaji aliniapia kwa marehemu mama yake kwamba nitaona bendera kwenye mwezi. Na hata hiyo 150 ingenisaidia nini? Kituo cha Kimataifa cha Anga kikipita juu ya kichwa hutembea karibu digrii moja kwa sekunde. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii. Kwa ukuzaji wa 150, dirisha lako la kuchungulia ni dogo kuliko mwezi wenyewe. Ni kama kumfukuza motari, dereva wa pikipiki wa Goma, huku unamtazama kupitia tundu la ufunguo.

Usiku wa nne nikapata nyota moja kubwa yenye kurusha rangi, nikajua sasa ndiyo ile. Nikazungusha kitufe cha kunoa picha. Ndugu yangu, nikaona SAHANI. Duara la mwanga, tundu jeusi katikati, mistari myembamba imelikata. Magoti yaliisha nguvu. Niliita shemeji, shemeji akaita jirani, jirani akaita kanisa. Watu kama ishirini walipanga foleni kwenye ngazi, mama mmoja akashusha beseni la mandazi hapo chini akaanza kuuza. Kila aliyeweka jicho alisema "Yesu!" na kumpisha mwenzake.

Kisha akaja kijana wa sekondari. Akaweka jicho, akashika kile kitufe bila ruhusa, akazungusha kidogo. Sahani ikaanza kunywea, ikanywea, ikawa nukta. "Papa, hii ni nyota. Hukuinoa vizuri." Ilikuwa Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Lile tundu jeusi ni kivuli cha kioo kidogo kilichomo ndani ya bomba, na ile mistari ni vyuma vinavyokishikilia. Nilikuwa nimewaonyesha watu ishirini matumbo ya darubini yangu. Mpaka leo Katindo naitwa Papa Sahani.

Kesho yake shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, akaja kuuliza kwa nini kuna bomba refu lenye miguu mitatu juu ya paa usiku. Unaishi Goma, sina haja ya kukueleza kwamba mtu wa mbali anaweza kudhani ni silaha.

Kijana yule aliniuliza jambo moja kabla ya kushuka: "Lakini zile za mstari, uliona saa ngapi?" Nikasema jioni. Akanitazama tu. Nikafungua ile video ya mbwa, nikasoma maelezo ya faili: 19:07. Nilipoingiza saa hiyo kwenye tovuti ya kupitia njia za setilaiti, tena hapo nilikuwa nimeacha mji wa Kinshasa kwa sababu ndio uliokuja wa kwanza kwenye Kongo, saa moja nyuma yetu na zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa, hakukutokea kitu. Nikaweka Goma. Zikatokea zote, Starlink, setilaiti za intaneti za kampuni ya SpaceX, zilizokuwa zimerushwa siku chache tu kabla.

Kampuni hiyo ilianza kuzirusha kwa wingi Mei 2019, 60 pamoja. Zikiwa mpya hutembea zikifuatana, kila moja ikipanda polepole kuelekea kilomita 550 hivi, na baada ya wiki kadhaa zinatawanyika usione tena mstari. Kwetu jua limezama lakini kule juu bado linazipiga. Zikienda mashariki zinaingia kwenye kivuli cha dunia, moja, halafu nyingine, palepale. Ndiyo sababu taa zako "zilizimika moja moja". Mimi ningeweka dola yangu hapo, ila siwezi kuapa, kwa sababu HUKUANDIKA SAA.

Ukiona tena, simu iache mfukoni. Kalamu. Andika saa kama redio inavyosoma, 19:05, siyo "saa moja". Andika upande: volkano ya Nyiragongo kaskazini, ziwa kusini, Gisenyi mashariki, Sake magharibi, Mungu ametupa dira ya bure. Nyoosha mkono, kunja ngumi, hesabu ngumi ngapi kutoka chini, kila ngumi ni digrii kumi hivi. Zikiwa chini ya nusu ngumi na hazisogei, hao ni wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, na taa zao, mitumbwi mitatu imefungwa kwa miti mirefu. Nilishawahi kumbishia mtu saa nzima kuhusu hao, mpaka upepo ukaleta wimbo wao. Kama ni wekundu juu ya mlima, hiyo nayo unaijua. Tarehe 22 Mei 2021 anga lilipogeuka moto hakuna aliyeuliza bei ya darubini.

Yangu ipo nyuma ya kabati, mguu mmoja nimeufunga kwa mpira wa baiskeli. Watoto wanatazamia mwezi, na kwa mwezi sitaidhulumu, ni nzuri. Bendera bado hatujaiona. Ukitaka kutumia pesa lazima, tafuta jumeli, darubini ndogo za macho mawili, za 10x50 zilizotumika, hizo zinakupa uwanja mpana kuliko mwezi mara kumi na zaidi.

Sasa fungua simu. Lazima ulirekodi, nakujua. Video usiitazame, soma saa ya faili uje uiweke hapa. Kama hukurekodi, muulize aliyekuwa na redio pale barazani ilikuwa inasoma habari za saa ngapi.