Nilimuuliza mwenzangu kabila lake, sasa hanisemeshi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mngoni wa Songea, nina miaka 29, na tangu mwezi wa pili ninafanya kazi ya uhasibu jijini Nairobi. Wiki tatu zilizopita, tukiwa watu sita mezani wakati wa chakula cha mchana, nilimuuliza dada mmoja aliyeajiriwa karibuni, "Samahani, wewe ni kabila gani?" Alitua kijiko, akasema, "Mimi ni Mkenya," kisha akainuka. Tangu siku hiyo ananijibu mambo ya kazi tu. Kwetu hilo ni swali la kawaida, na nilitaka tu kujua kama nimepata mtani, yaani mtu wa kabila ambalo kwa desturi hutaniana na letu. Je, nilikosea? Ipo namna ya adabu ya kuuliza? Nimwombe radhi vipi?*

Marahaba, mwanangu. Ulikosea, ingawa hukuwa na nia mbaya, na neno "samahani" ulilolitanguliza halikuweza kukusaidia, kwa sababu kilichomuumiza dada huyo si ukali wa sauti yako, bali ni kazi ambayo swali hilo limewahi kufanya mahali anapoishi.

Ninaelewa ulikotoka. Baba yangu alikuwa Mchaga na mama yangu ni Mpare, kwa hiyo nimezaliwa katikati ya watani, na siku tulipomzika baba, Wapare walilizuia jeneza mlangoni wakadai walipwe kwanza ndipo litoke, na mama, aliyekuwa hajanyamaza kulia tangu msiba uanze, akacheka. Mtu aliyelelewa hivyo hulichukua swali la kabila kama mlango wa undugu. Lakini usalama huo tulionao Tanzania ulitengenezwa: machifu walivuliwa madaraka 1963, sensa ya 1967 ikawa ya mwisho kuwauliza watu kabila lao, wanafunzi na watumishi wa serikali wakapelekwa mikoa ya mbali na kwao, na Kiswahili kikawa lugha ya ofisi, ya soko na ya ndoa. Wangoni wenu na Wahehe walipigana vikali katika karne ya 19, na leo wanataniana kwa vita vilevile. Watu hutania hivyo pale tu ambapo jibu la swali halimnyimi mtu chochote.

Nchini Kenya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika maeneo kwa makabila, na tangu miaka ya 1920 ikamlazimisha mwanamume Mwafrika kutembea na kipande, ambacho ndani yake, pamoja na alama za vidole na habari za mwajiri, kabila lake liliandikwa. Baada ya uhuru, ardhi, ajira na kura viliendelea kuhesabiwa kwa kabila. Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007 na machafuko yaliyoufuata, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa majumbani mwao. Wakati huo nilikuwa nimeolewa Nakuru. Vijana walifunga barabara kwa mawe na magogo, wakasimamisha magari, wakadai vitambulisho ili wasome majina na mahali pa kuzaliwa, au wakawasemesha abiria kwa lugha ya mama wasikie watakavyojibu. Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, alikaa kwetu siku tisa bila kutoka nje kwa sababu jina lake la mwisho lilikuwa la upande usiotakiwa katika mtaa ule. Ndipo nilipojua kwamba swali ambalo mimi nililelewa nalo kama salamu linaweza kumtetemesha mtu mzima.

Dada huyo wa ofisini huenda alikuwa shuleni wakati huo, na huenda hakuguswa kabisa. Hatujui, wala si haki yetu kujua. Tunachokijua ni kwamba yeye ni mwajiriwa mpya na uliuliza mbele ya watu wanne wengine. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza mtu kubaguliwa kazini kwa ajili ya kabila lake, na haikutungwa bila sababu. Kwa hiyo mtu anayeulizwa hivyo akiwa hajamaliza hata miezi yake ya majaribio ana kila haki ya kujiuliza jibu litafika kwa nani na litatumiwa kwa lipi. Wapo pia ambao hawana jibu la neno moja, kama mimi, na wapo waliolelewa na watu wasio wazazi wao. Isitoshe, wapo ambao jibu lao lenyewe limewahi kuwafanya waonekane wageni. Wamakonde, majirani zenu wa kusini, wameishi pwani ya Kenya kwa vizazi kadhaa, lakini iliwabidi waandamane kutoka Kwale hadi Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, ndipo 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Kwa hiyo aliposema "Mimi ni Mkenya," alikujibu kikamilifu, na ulipaswa kulipokea jibu hilo kama lilivyo.

Umeuliza kama ipo namna ya adabu. Ipo, lakini haipatikani kwa kubadilisha maneno, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Watu wa Nairobi wenyewe huuliza "Nyumbani ni wapi?", "Ushago wenu ni wapi?" (yaani kijijini kwenu) au "Jina lako lingine ni nani?", na kila anayeulizwa hujua mara moja kinachotafutwa. Kwa maoni yangu, hilo la jina lingine ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linamnasa mtu bila kumwachia nafasi ya kukataa. Ni bora mara kumi uulize waziwazi na utoe sababu yako, ilimradi sababu hiyo iwe ya kweli, mkiwa wawili, na mkiwa tayari mmezoeana. Anza kwa kujieleza wewe. Ukisema, "Mimi ni Mngoni, na kwetu tuna desturi ya watani ambayo naikumbuka sana nikiwa huku," basi umeweka lako mezani bila kudai lake; akitaka atakueleza kwao wana desturi gani, na asipotaka atakuuliza watani ni nini na mazungumzo yataendelea bila mtu kuumia. Kama huna sababu unayoweza kumtamkia, acha. Akiwa rafiki yako, siku moja atakutajia bibi yake, au chakula cha Krismasi cha kwao, au wimbo uliompeleka usingizini utotoni, na utakuwa umepata mengi kuliko jina la kabila.

Kuhusu radhi, iombe wiki hii, usiingoje ipoe. Mtafute akiwa peke yake, umwambie, "Dada, siku ile nilikuuliza jambo lisilonihusu, tena mbele ya watu. Nimeelewa kwa nini halikufaa, na naomba unisamehe." Ishia hapo. Usimweleze kwamba kwenu ni kawaida, kwa maana utakuwa unamwambia kuwa kosa ni la kuumia kwake. Usimwombe akusimulie kilichompata. Wala usimnunulie zawadi itakayomlazimisha akuchekee. Kisha rudi kwenye kazi yako, umsalimie kila asubuhi kama unavyowasalimia wengine, hata kama itachukua miezi kabla hajakaa nawe tena mezani.

Liko jambo jingine nililolisoma katika barua yako ingawa hukuliandika. Miezi kadhaa ugenini bila mtu wa kukuchokoza na kukuita majina ni mirefu, na nadhani upweke huo ndio uliouliza lile swali. Nairobi ina Watanzania wengi, wafanyabiashara, wanafunzi na watu waliooa au kuolewa huko kama nilivyoolewa mimi. Watafute Jumapili. Ukimpata Mhehe mmoja miongoni mwao, mwambie shangazi yako amesema akupikie.