Nimejichanga mil 1.8 nataka kuunda PC ya gemu mwenyewe, hii i7 niliyopewa bei ni sawa?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Tanga, nimejichanga mil 1 na laki 8 nataka kuunda PC ya gemu kwa mara ya kwanza. Nacheza FC na GTA V, na nataka kuanza Valorant. Monita ninayo, full HD ya 144Hz, niliachiwa na bro. Duka moja Kariakoo wamenitumia hivi: i7, RAM 16, SSD 512, kadi ya 4GB, pawa saplai 700W, keisi ya kioo ina mataa, jumla mil 1.7 na wanafunga wao. Rafiki yangu anasema nichukue i5, sasa i7 si ndo kubwa? Na nikisema nifunge mwenyewe, nikiunguza je?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hela usitume kwanza. Kwenye hiyo orodha nilichoelewa ni RAM na SSD tu, vilivyobaki ni sifa. i7 ya ngapi? Hapo ndo watu wengi wanapigwa, i7 sio saizi kama ya kiatu, ni jina la daraja la prosesa (ubongo wa kompyuta) na Intel wanalirudia kila kizazi. i7-2600 imetoka 2011, i7-4770 imetoka 2013, zote zina koa 4 (koa ni kama vibarua ndani ya prosesa), na mjini zimejaa kwa sababu zinatolewa kwenye kompyuta za maofisi ya Ulaya zilizostaafishwa, zinafutwa vumbi zinawekwa kwenye keisi ya kioo na mataa basi inaitwa PC ya gemu. Wakati huohuo i3-12100F ya 2022, i3 hiyohiyo unayoidharau, kwenye gemu inaiacha 4770 mbali sana. Kwa hiyo we soma namba inayofuata baada ya i7, 4770 ni kizazi cha 4, 12400 ni kizazi cha 12. Na hizo za zamani zina balaa lingine, Windows 11 haizitambui rasmi chini ya kizazi cha 8, Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, afu Valorant ukiwa Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, kinga mbili za usalama za kompyuta. Utanunua ugomvi.

Kadi, yani kadi ya grafiki inayotengeneza picha za gemu, ndo kabisa. "4GB" ni kama muuzaji gari akwambie tenki linaingia lita 60 afu anyamaze, injini je? Kuna kadi za 4GB za miaka kumi na zaidi iliyopita, na kuna za uongo kabisa. Kuna jamaa aliniletea "GTX 1050 Ti" mpya ya boksi analalamika GTA inakwama kwama, nikafungua kiprogramu kinaitwa GPU-Z (kinasoma kadi ni ipi kweli, cha bure, kipakue ukiweke kwenye flashi kabla hujaenda dukani) kikaandika FAKE hapohapo juu, ndani ni chipu ya GTS 450 ya mwaka 2010 imebadilishwa jina tu. Jamaa alikaa kimya kama dakika mbili hivi. Hela haikurudi.

Sasa tuje kwenye hela yako. Bei sikutajii maana zinabadilika kila wiki, na tangu mwishoni mwa 2025 RAM na SSD zimepanda vibaya kwa sababu viwanda vinakimbilia kuuzia hizi data senta za AI, ila mil 1.8 bila monita inafika kama kadi utakubali ya mtumba. Mi ningekuwa we kadi inakula kama theluthi ya hela yote, kwa full HD tafuta RX 6600, ina 8GB na inakula wati 132 tu, au RTX 3060 ya 12GB ikipatikana kwa bei ya kibinadamu, hiyo wati 170. Hizo zitapeleka FC na Valorant kufikia hiyo 144Hz yako, GTA V haina shida. Ya mtumba usinunue kwa macho, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, fungua GPU-Z, afu washa FurMark (programu ya kuikamua kadi kwa nguvu zote) dakika 15 uangalie feni zote zinazunguka na kioo hakitoi vidoti wala mistari ya ajabu. Akikataa, toka dukani, Kariakoo ina maduka mengi.

Prosesa, rafiki yako yuko sahihi ila aseme i5 ipi: i5-12400F, au Ryzen 5 5600, zote koa 6, chagua utakayopata rahisi pamoja na mazabodi yake (ile bodi kubwa inayobeba vyote) maana hazichangiani soketi, yani tundu la kukalia prosesa. Angalia herufi. Ile F ya Intel maana yake haina grafiki ndani, na Ryzen 5600 bila herufi nayo haina, bila kadi hupati picha hata iweje. Ipo 5600G ambayo ina grafiki ndani ila kashe yake (kimemori cha haraka ndani ya prosesa) ni MB 16 badala ya 32, hiyo ni ya mtu ambaye hela ya kadi bado hajaipata anataka aanze hivyohivyo. Na ukichukua Ryzen uliza inakuja kwenye boksi au kavu, ya boksi ina feni yake, kavu utanunua feni pembeni. Kwa Ryzen hiyo mazabodi ya B450 au B550 inatosha, ila hizi zilitoka kabla ya Ryzen 5000 kwa hiyo ikiwa na bayosi (programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) ya zamani haitaitambua prosesa yako, mwambie muuzaji akusasishie bayosi kabla hujaondoka nayo. Kurudi Tanga afu ukakuta haiwaki ni nauli mara mbili.

RAM chukua DDR4 mbili za 8, sio moja ya 16, zikiwa mbili prosesa inazisoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja na kwenye gemu utaona tofauti. SSD kama hela inaruhusu iwe ya TB 1, GTA V peke yake inapita GB 100, ukiweka na gemu jingine kubwa hiyo 512 imejaa. Na usidownlodi kila kitu kwa bando mdogo wangu utafilisika, Steam tangu 2023 ina kitu cha kuhamisha gemu kutoka PC moja kwenda nyingine mkiwa mtandao mmoja wa ndani, nenda na PC yako kwa mwenye nayo, mbebee na ndizi, mkaungane kwenye ruta moja.

Halafu pawa saplai, hapa naomba unisikilize kuliko kote. Hiyo 700W wamekuandikia bila jina na mi hizo nimeshazifungua nyingi, nyepesi unaweza kudhani ndani wamesahau kuweka kitu. Usisome namba kubwa ya ubavuni, soma lebo, tafuta mstari wa +12V uone ni ampea ngapi, zidisha kwa 12. Nimeshakutana na "700W" imeandikwa 12V 20A, yani wati 240, na prosesa na kadi vyote vinakula kwenye huo mstari. Kompyuta yako ikicheza gemu itakula kama wati 250 hivi, kwa hiyo 550W ya ukweli yenye cheti cha 80 Plus Bronze ni nyingi sana tayari, haina haja ya 700 ya uongo. Mbovu ikifa haifi peke yake, inaondoka na kadi. Na kama nyuma ina kiswichi chekundu cha 115/230 hakikisha iko 230 KABLA hujachomeka, ikiwa 115 kwa umeme wetu utasikia mlio mmoja tu.

Umeme wenyewe unaujua, shida sio kukatika, shida ni unavyorudi. Tafuta UPS (kile kiboksi chenye betri ya akiba), sio ya kuchezea giza bali ya kukupa dakika chache uzime kistaarabu, na VA sio wati, ya 650VA nyingi zinatoa chini ya wati 400. UPS ikikushinda sasa hivi weka hata kile kikinga cha friji ukutani. LUKU usiogope sana, wati 250 kwa masaa manne ni uniti 1, monita haijahesabiwa.

Keisi: achana na kioo mbele, Tanga joto hilo na unyevu, chukua yenye wavu mbele, feni za mbele zinaingiza, ya nyuma inatoa. Mataa utaweka ukipata kazi.

Kufunga mwenyewe ni rahisi kuliko unavyofikiri, asilimia kubwa ni skrubu. Fanya mezani, sio kwenye zulia, na kila baada ya muda gusa chuma kisicho na rangi cha keisi utoe umeme tuli mwilini. Weka mazabodi juu ya boksi lake, funga prosesa, kuna kapembetatu kadogo kwenye kona kakutane na kapembetatu ka kwenye soketi, na ukikuta haiingii USIKANDAMIZE. Kwenye Ryzen hizi pini ziko kwenye prosesa yenyewe, kwenye Intel ziko kwenye mazabodi, kote huko ukipinda pini kilio. Pesti ya joto tone la ukubwa wa punje ya dengu linatosha, na kama feni yako ina kanailoni chini kabandue, usicheke, nimepokea kompyuta tatu zinazima zima kisa ni hako kanailoni. RAM zikiwa mbili na sloti nne, weka ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, sukuma mpaka isikike "ka". Afu chomeka kadi na pawa saplai uwashe hapohapo juu ya boksi kabla hujaingiza kwenye keisi, kama kuna tatizo ulijue mapema usije ukafungua skrubu ishirini usiku wa manane.

Ukiingiza kwenye keisi hakikisha vile vinati vya shaba vya kuinua mazabodi viko kwenye matundu yanayolingana tu, kinati kilichobaki pasipo na tundu kinapiga shoti. Waya wa pini 8 wa prosesa na waya wa pini 8 wa kadi sio kitu kimoja, soma maandishi, umeandikwa CPU na mwingine PCIe, ukiona unalazimisha ujue umekosea. Vile viwaya vidogo vya swichi ya kuwashia vinachosha macho, fuata kitabu cha mazabodi, swichi yenyewe ukigeuza haina neno ila taa ukigeuza haiwaki.

Ukiwasha mara ya kwanza inaweza kukaa na kioo cheusi kidogo, ipe dakika chache. Ikizidi, zima, chomoa RAM urudishe, hapo wengi wanapona. Na HDMI au DisplayPort ya monita ichomeke kwenye KADI, kule chini, sio kwenye mazabodi. Nadhani hili ndo kosa nililolipwa hela rahisi zaidi maishani.

Sasa ndo wengi wanaishia hapo, Windows imewaka basi wanaanza kucheza, wakati nguvu nusu imelala. Ingia bayosi (bonyeza Del ukiwasha), washa XMP (mpangilio wa kuipa RAM spidi yake kamili), kwenye baadhi ya mazabodi za AMD imeandikwa DOCP, bila hiyo RAM yako uliyoilipia 3200 itatembea 2133 au 2400 na wala haikwambii. Hukohuko washa TPM, kwa AMD inaitwa fTPM kwa Intel inaitwa PTT, zima CSM (njia ya zamani ya kuwasha kompyuta), washa Secure Boot, na vyote fanya kabla ya kuweka Windows ili diski ipangwe kwa mfumo mpya unaoitwa GPT, ukifanya baada Valorant itakusumbua ukadhani umefungiwa. Draiva ya kadi chukua kwa AMD au Nvidia wenyewe, usipakue kwenye vitovuti vya "download driver now". Mwisho nenda mipangilio ya skrini uweke 144Hz, maana Windows inaweza kuikuta monita ikaiweka 60 ukae mwaka mzima unasifia 144 ambayo hujawahi kuiona.

Joto la prosesa ukiwa kwenye gemu likikaa chini ya 80 usihangaike. Ikifika 90 na kuendelea zima, rudi kwenye kale kanailoni nilikokwambia.

Siku ukienda Kariakoo, kabla hujalipa nipigie picha mbili tu, lebo ya pawa saplai kwenye ule mstari wa 12V, na GPU-Z ikiwa wazi kwenye kadi. Nikikujibu "chukua", chukua.