Nimwandikishe mtoto wa marehemu kwa jina langu?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mjane wa hapa Ujiji, mchuuzi wa dagaa. Miaka mitatu iliyopita mpangaji mwenzangu alifariki dunia akamwacha mwanawe wa miaka minne, na mpaka leo hakuna ndugu aliyejitokeza. Shule inadai cheti cha kuzaliwa. Shoga yangu ananishauri nimwandikishe kana kwamba nimemzaa mimi, yaishe. Nifanyeje? – Mama Mlezi, Ujiji.

JIBU: Mama Mlezi, usimwandikishe hivyo. Kumpa msajili wa vizazi taarifa ya uongo ni kosa, na utakuwa umelifuta jina la marehemu ambalo kijana huyo atakuja kuliulizia. Ikiwa wewe ni Mwislamu, kama walivyo wengi mjini kwenu, aya ya 5 ya Surat Al-Ahzab imekwisha kuagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao.

Unachokifanya kinaitwa malezi ya kambo, nacho kimo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kasoro yako ni kwamba unalea bila kibali. Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha uende kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ambaye atafika nyumbani, aulize majirani, aangalie mtoto analala wapi na wewe unaishije. Usiazime godoro kwa ajili ya siku hiyo, kwa maana anachopima ni usalama wa mtoto, si utajiri wako.

Huenda pia akawatafuta ndugu wa marehemu, na nadhani hapo ndipo penye hofu yako. Akipatikana mjomba au shangazi, atasikilizwa, lakini kinachotangulia ni maslahi ya mtoto, naye mwenyewe ana haki ya kutoa maoni yake kadiri ya umri wake. Ukitaka awe mwanao kisheria moja kwa moja, hiyo ni kuasili, na amri yake hutolewa na Mahakama Kuu. Kwa maoni yangu usiikimbilie kabla ndugu hawajatafutwa.

Kuhusu cheti, kinaombwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa jina la mama aliyemzaa. Kabla hujaenda, pekua mizigo aliyoiacha marehemu uitafute kadi ya kliniki ya mtoto, kwa kuwa humo huandikwa jina la mama na tarehe ya kuzaliwa.