Kumleta mama Uingereza: nani anamwogesha?

SWALI: Mama yangu, mjane wa miaka 76, yuko Tanzania na dada wa kazi. Kiharusi kimempooza upande wa kulia. Mimi ni raia wa Uingereza, nina kipato kizuri na chumba cha ziada. Je, nina nafasi ya kumpatia viza ya familia?

JIBU: Kipato ni lazima, ila pia kinaweza kukuponza. Tangu Julai 2012 mzazi hupimwa kwa mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, uzee, maradhi au ulemavu uwe umemfanya ahitaji mtu wa kumsaidia kwa muda mrefu katika shughuli za kila siku: kuoga, kuvaa, kupika. Pili, msaada huo uwe haupatikani huko aliko hata kwa pesa zako, au gharama zake hazimudiki. Kwa hali unayoeleza, la kwanza linathibitika. La pili ndilo kaa la moto: afisa akiona unatuma pesa na dada wa kazi yupo, atakwambia ajiri muuguzi.

Kwa hiyo barua ya daktari inayosema "anahitaji kuwa karibu na familia" haina uzito. Itaje ugonjwa, asichoweza kufanya mwenyewe, anasaidiwa mara ngapi kwa siku, na usiku inakuwaje. Kama dada wa kazi hawezi kumnyanyua, kumgeuza kitandani au kufuatilia dawa, daktari aliyemwona mama ayaandike hayo. Watoa huduma za uuguzi wa nyumbani nao wakupe majibu ya maandishi: hawafiki eneo hilo, au wanatoza kiasi gani. Kaka, dada na shangazi waliopo huko, kila mmoja aeleze kwa nini hawezi kumtunza. Ukimruka mmoja, afisa atauliza kuhusu huyo huyo.

Wewe utatia saini ahadi ya kumhudumia kwa miaka 5 bila fedha za umma; ambatisha taarifa za benki, hati za mshahara na uthibitisho wa makazi. Mama atapimwa kifua kikuu. Mtihani wa Kiingereza hauhitajiki. Ada inazidi pauni 3,000 na hairudi maombi yakikataliwa, basi usitume faili nusu nusu ukitegemea kujazia baadaye. Rufaa ipo, na akiwa nje ya Uingereza ana siku 28 za kuikata.

Tafadhali usimlete kwa viza ya matembezi ukidhani mtaomba akishafika. Viza hii huombwa mwombaji akiwa nje ya nchi. Akikubaliwa, kwa kuwa wewe ni raia, anapewa ukaazi wa kudumu moja kwa moja. Lakini akirudi nyumbani akakaa zaidi ya miaka 2 mfululizo, ukaazi huo unapotea.