Barua ya Mistari Mitano Iliyonichelewesha Kupata Ukaazi wa Kudumu Kanada

Juma lililopita dada mmoja aliniandikia kwa furaha kwamba amepata mwaliko wa kuomba ukaazi wa kudumu nchini Kanada kupitia mfumo wa Express Entry, unaowapanga waombaji kwa alama na kuwaalika wenye alama za juu. Mwishoni aliuliza swali lililonifanya niweke simu mezani na kukaa kimya kwa muda: je, mkataba wake wa ajira utatosha kuthibitisha uzoefu wake, maana mwajiri wake wa zamani amempa barua ya mistari minne tu? Namjibu hapa kwa sababu najua wengi wana barua ya namna hiyo.

Yangu ilikuwa ya mistari mitano. Ilikuwa na nembo juu, muhuri wa bluu chini na sahihi ya meneja, na ilieleza kwamba nilifanya kazi pale kwa miaka sita, kwamba mimi ni mwaminifu na mchapakazi, na kwamba ofisi inanitakia kila la heri. Niliiona nzuri mno. Haikutaja hata jukumu moja nililolifanya, haikutaja mshahara, wala haikutaja saa za kazi kwa wiki. Ofisa aliyelishika faili langu hakuwahi kuniona nikifunga hesabu za mwezi hadi usiku wa manane. Alichokuwa nacho ni karatasi ile, na karatasi ile haikumwonyesha kwamba nilikuwa mhasibu. Ombi langu lilikataliwa.

Miezi ya kusubiri sitaisimulia. Kilichouma zaidi ni hesabu ya umri. Mwombaji asiye na mwenzi hupewa alama 110 za umri akiwa na miaka 20 hadi 29, kisha zinapungua mwaka hadi mwaka mpaka kufikia 50 akiwa na miaka 40. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 33 na alama 88. Niliporudi kwenye orodha ya wanaosubiri mwaliko nilikuwa na miaka 35 na alama 77. Matokeo yangu ya IELTS nayo, yaani mtihani wa Kiingereza, ambayo hukubalika kwa miaka 2 tu, yalikuwa yamepitwa na wakati. Nilirudi kwenye mtihani nikiwa na uchungu moyoni, na nasema kwa fahari kwamba sehemu ya kuandika, iliyokuwa imenikwamisha kwenye 6.5, safari hii nilipata 7, nikafikia daraja la 9 la kipimo cha lugha cha Kanada (CLB) katika stadi zote nne. Alama zilizoliwa na umri zilirudi kwa njia hiyo, na zaidi.

Ilibaki barua. Nilimwandikia meneja wangu wa zamani nikimwomba aongeze majukumu, mshahara na saa za kazi. Alinijibu kwamba ofisi haina utaratibu wa kuandika mambo hayo. Miaka sita nimemtumikia mtu yule, na hadi leo nikilikumbuka jibu lake moyo unaniuma. Sikukata tamaa, nilichukua mkataba wangu wa zamani, nikaandaa rasimu ya barua kwa maneno yangu mwenyewe, nikampelekea mkuu wa idara ya fedha, nikamkumbusha kwa adabu kila baada ya wiki mbili. Mwezi wa nne wa kumkumbusha, aliitia sahihi. Ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na mstari wa «saa 40 kwa wiki» niliusoma mara tatu kabla ya kuifunga bahasha. Sasa kadi yangu ya ukaazi ninayo.

Ndugu zangu, tumezoea mno kuamini muhuri. Tunadhani karatasi ikishagongwa basi imekamilika, na mtu akituambia «tuma tu, watakuelewa», tunatuma. Hawatakuelewa, kwa sababu si kazi yao kukisia maisha yako. Msiende pia upande wa pili mkanakili majukumu ya kazi neno kwa neno kutoka kwenye orodha rasmi ya serikali ya Kanada, au mkajipa kazi msizozifanya. Atakayebainika kupotosha taarifa anaweza kufungiwa kuomba kwa miaka 5. Andikeni kweli, na muiandike yote.

Dada, mkataba wako unasaidia, lakini hauchukui nafasi ya barua. Mwaliko wako una siku 60, kwa hiyo mrudishie mwajiri barua yake leo, ukiwa umemwandalia rasimu yenye cheo, tarehe, majukumu, saa na mshahara. Akigoma, ambatanisha mkataba, hati za mishahara, na maelezo yako ya maandishi pamoja na ushahidi kwamba uliomba barua ukanyimwa. Wakati huohuo tafuta cheti cha polisi cha kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, kwa sababu baadhi huchelewa kuliko barua yenyewe. Ukiona siku zinakwisha na ushahidi haujatimia, kataa rasmi mwaliko huo kabla haujaisha muda, ili wasifu wako urudi kwenye orodha. Hakuna ahadi ya mwaliko mwingine, najua, na ni uamuzi mgumu. Ningekuwa na barua yako ya mistari minne mkononi, ningeukataa.