Wakikwambia chukua hanesi badala ya hela yako, kataa

Juzi nimepata meseji kutoka kwa kijana mmoja wa Kaliua, raiga, yaani fundi anayepanda minara ya simu. Naiweka hapa kama alivyoiandika maana najua iko kwenye simu za wengi:

"Dada habari, samahani kwa usumbufu. Kampuni imetupunguza, tuko wengi. Hela ya likizo na ya notisi wanasema haipo kwa sasa, ila wametupa ofa tuchukue vifaa vya kupandia, hanesi, kamba na karabina, wanasema kwa bei ya dukani ya sasa hivi ni hela nyingi kuliko tunachowadai. Nichukue au niache?"

Hanesi ni ile mikanda ya mwilini inayomshika mpandaji asianguke, karabina ni pete ya chuma ya kujifungia kwenye kamba. Nilimjibu palepale kwa kifupi, usisaini kitu. Lakini jibu lenyewe ni refu na hili jambo linaniuma kuliko watu wanavyojua, kwa hiyo leo naliandika lote.

Kwa wasionijua, nilikuwa mtunza stoo wa kampuni moja ya kandarasi za minara hapa Kigoma, jina silitaji. Kila hanesi iliyopanda mnara Kasulu, Uvinza, Buhigwe mpaka kule Kakonko ilipita mikononi mwangu ikienda na ikapita tena ikirudi. Vijana walikuwa wananiita Mama Kamba na wengi wao wamenizidi umri, na nilikuwa nalipenda hilo jina. Kamba ikianza kuota manyoya naikata vipande hapohapo ili isije ikarudi kazini kwa mlango wa nyuma, hata supavaiza apige kelele vipi. Hakuna mtoto wa mtu aliyeanguka kwa sababu ya kifaa kilichotoka stoo kwangu, na hilo nitalisema popote kifua mbele.

Kazi ilikuwa nyingi sababu ya ule mradi wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, mikataba ilisainiwa Dodoma Mei 2023, minara 758 kwenye kata 713 nchi nzima. Mikoa yetu ilikuwa na vijiji ambavyo ukitaka kupiga simu unapanda kichuguu, kwa hiyo tulifurahi wote, makampuni yakaajiri, vijana wakaacha bodaboda wakajifunza kupanda. Kitu ambacho mtu haambiwi siku anaajiriwa ni kwamba mnara ukishasimama hauhitaji tena gari zima la watu, unahitaji wawili wa matengenezo wanaozunguka na pikipiki. Mwisho wa mradi ulijulikana ofisini tangu siku ya kwanza, waliokuwa hawajui ni waliokuwa juu ya mnara.

Sasa njoo kwenye bei, maana hapa ndipo uongo unapojengwa. Vifaa hivi hatutengenezi sisi. Petzl ni Wafaransa, Black Diamond ni Wamarekani, na karabina kibao zinatoka Taiwan na China, vyote vinanunuliwa kwa dola au yuro. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa inacheza kwenye 2,300, ndani ya 2024 ikagusa 2,700. Chukua karabina ya dola 20, ilikuwa 46,000 ikawa 54,000 na hapo mtengenezaji hajaongeza hata senti, bado ushuru wa forodha, bado VAT asilimia 18, bado usafiri wa kuifikisha Kigoma. Halafu Aprili 2025 Trump akatangaza ushuru wake kwa bidhaa zinazoingia Marekani, Vietnam asilimia 46, Taiwan 32, China ukapandishwa mpaka 145, baadaye wakashusha lakini moto ulishawaka. Kampuni za kule Marekani za vifaa vya kupanda miamba ambazo mzigo wao unatengenezwa Asia zikajikuta zinalipa bandarini kwao kabla hawajauza kitu, bei ikapanda na huku wafanyakazi wanapunguzwa. Nilikuwa nasoma hizo habari usiku kwenye simu, na asubuhi nafungua proforma, ile karatasi ya bei ya muuzaji, kutoka Dar naona namba zimepanda tena, nikajua na kwetu barua zinakuja.

Zikaja. Lakini kabla ya barua, meneja alikuja na mtu wa HR wakaniambia Mama Kamba tunataka hesabu ya stoo nzima, kila kitu na thamani yake. Nikahesabu. Wakaniambia thamani niandike ya proforma mpya, sio ya siku kilinunuliwa. Niliuliza mbona hanesi iliyochakaa tunaiandikia bei ya mpya, nikaambiwa ni utaratibu wa ukaguzi, andika tu. Nikaandika kwa mwandiko wangu na kusaini kila ukurasa.

Kesho yake vijana wakaitwa mmoja mmoja na ile orodha iko mezani. Unatudai likizo na notisi, hela hatuna, lakini hii hanesi ni kiasi hiki, hii kamba ni kiasi hiki, ukichukua tumemalizana na wewe ndio umefaidi, maana bei kila siku inapanda. Na kwa sababu orodha ilikuwa na saini yangu, wakaamini. Mzee mmoja, raiga wa siku nyingi kuliko wote, alitoka na hanesi mbili na kamba begani akaniambia kama ni wewe umeandika basi mimi sina wasiwasi. Hilo neno silisahau.

Nilimwita pembeni nikamwonyesha. Hanesi ina lebo ndogo imeshonewa ndani, mara nyingi karibu na mgongo, inakaa kwenye kifuko cha nailoni, pale unakuta mwaka wa kutengenezwa. Petzl wenyewe wanasema vifaa vyao vya nguo na plastiki mwisho miaka 10 hata kama havijawahi kutoka kwenye boksi. Moja ilikuwa imeshapita, ya pili ilikuwa inaelekea. Nikaukunja mkanda wa pajani, ukiukunja hivi nyuzi za juu zinafunguka unaona ndani, na ndani ulikuwa na rangi ya chungwa iliyoiva wakati nje umepauka kama umefuliwa na jiki. Hilo ni jua, jua linakula nailoni taratibu na haisemi. Kamba ndio usiseme. Ilikuwa imetunzwa saiti moja ndani ya shelta, kile kibanda cha betri za mnara, na asidi ya betri ikigusa nailoni inaiua bila kuacha alama yoyote ya kuonekana, unaweza kuishika ukaona nzima kabisa na siku ukiitegemea inakatika. Vile vifaa kwa bei ya soko vilikuwa sifuri. Alikuwa ameshasaini. Mpaka leo vinaning'inia nyumbani kwake Gungu na hajapata wa kumuuzia, na namshukuru Mungu hajapata.

Kwa hiyo elewa mchezo ulivyo. Bei ya kifaa kipya ikipanda, kifaa kilichochoka nacho kinavaa thamani kwenye karatasi, na anayelipwa kwa karatasi hiyo ni yule asiyekuwa na nguvu ya kubisha. Hela yako ya likizo haijapanda, mshahara uko palepale, ila takataka za stoo zimepanda. Ndio maana nakwambia kataa. Unadai hela, ulipwe hela. Ukishaipata, ukitaka kununua kifaa utakinunua mwenyewe, unachagua na lebo unasoma kwa macho yako.

Mimi nilikataa kusaini kuchukua vifaa na nikaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sitawachosha na habari za vikao, tulikaa, wakaja na wakili, mwisho nikalipwa na waliokuja na mimi wakalipwa. Niliyoyajua kule nataka uyajue kabla hujapewa barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri hawezi kuamka asubuhi akapunguza watu, anatakiwa kutoa taarifa ya nia yake mapema, atoe taarifa zote muhimu, akae na wafanyakazi au chama chao wazungumze sababu, njia za kuepuka, na vigezo vya nani anaondoka. Sisi tulizungumzwa na nani? Tuliitwa mezani orodha ikiwa tayari. Kisha kuna notisi, kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, au alipwe hela yake. Likizo ambayo hukwenda ilipwe. Kiinua mgongo ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, ilimradi umefanya kazi miezi 12 mfululizo. Nauli kama ulichukuliwa mbali. Cheti cha utumishi. Wale wa mkataba wa muda maalumu ambao umefika tarehe yake wenyewe, hesabu zenu ni nyingine, soma mkataba wako mstari kwa mstari.

Na muda haukusubiri. Ukitaka kulalamika kwamba umeachishwa isivyo halali una siku 30 tu, madai mengine siku 60. Watu wengi wanakaa nyumbani wanasubiri meneja atimize ahadi ya mwisho wa mwezi, na meneja anajua kabisa siku zinaisha.

Kingine, usiandike barua ya kuacha kazi. Watakwambia andika umeacha mwenyewe ili upate malipo haraka, na ukiandika umelizika fao lako la NSSF. Fao la kukosa ajira ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6 kwa mtu aliyechangia angalau miezi 18, na anayeacha kwa hiari yake hapewi. Hiyo ni hela ya unga na kodi wakati unatafuta. Wewe una familia, barua ya mistari miwili usiikubali ikule hivyo.

Sasa wapo watakaosema dada wewe umesoma, una maneno, sisi tutaanzia wapi. Mimi nimeishia kidato cha nne. Nilichokuwa nacho ni daftari, kila kifaa niliandika kimeingia lini, kimetengenezwa mwaka gani, nani kakipanda na kimerudi na hali gani. Lile daftari ndilo lililowanyamazisha pale CMA, maana orodha ya meneja ilisema hanesi ina thamani na daftari lilisema niliitoa kazini miezi iliyopita. Kwa hiyo andika. Tarehe za kuanza kazi, saiti ulizopanda, likizo usizokwenda, piga picha salari slipu. Fanya hivyo wakati kazi bado ipo na meneja bado anakuchekea.

Na baada ya hapo? Kuna habari ya watu wa fani hii kule Marekani naipenda sana. Yvon Chouinard alianza 1957 na tanuru la mkaa, anafua misumari ya kupandia miamba kwa mkono. Kampuni yake ya vifaa ikakua, halafu kesi na gharama za bima zikaibana mpaka ikafilisika 1989. Waliokuwa wafanyakazi wake wakaungana wakanunua mali zake, wakaanzisha Black Diamond, na 1991 wakahamia Salt Lake City, Utah, ambako ipo mpaka leo. Nawaambia vijana hii habari kila siku. Kampuni ilikufa lakini mikono iliyokuwa inajua kazi haikufa nayo.

Hela yangu ilipotoka tuliungana mimi na maraiga wawili, tukanunua seti mpya chache. Tuko Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, tunakodisha na kukagua vifaa. Wanakuja wapaka rangi wa maghorofa, mafundi wa sola, mafundi wa matangi ya maji, na ndio, hata ile kampuni ilituma mtu kuja kukodi, nikamkodishia kwa bei ya wote na risiti nikampa. Sikuona aibu, na yeye ndiye alikuwa anaangalia chini.

Kwa bei zilivyo mnaniuliza sana cha kuanza nacho. Vyuma vinadumu, karabina yenye historia inayojulikana, mlango unafunga wenyewe vizuri na haijachimbwa mfereji na kamba, unaweza kununua iliyotumika. Angalia namba zilizogongwa ubavuni, kN ni kipimo cha nguvu inayoweza kuhimili, kN 1 ni kama kilo 100, ya kupanda mnara isiwe chini ya kN 20 kwa urefu, na kama haina namba hiyo ni ya kuning'inizia funguo, irudishe. Vitu vya nguo, yaani hanesi, kamba, lanyadi (ile kamba fupi ya kujifungia mnarani), nunua vipya tu hata kama itabidi usubiri. Hanesi ya kazi ya mnara iwe ya mwili mzima yenye EN 361, namba ya kiwango cha Ulaya, kwenye lebo, ya wapanda miamba ya kiunoni usipande nayo mnara. Na kama bado umeajiriwa usitoe hata shilingi, vifaa vya kinga ni jukumu la mwajiri kwa sheria ya usalama kazini ya 2003, OSHA, wakala wa usalama kazini, wapo, wapigie. Kama huna uwezo wa mpya, kodi. Kama huna hela ya kukodi, usipande. Hapo sibembelezi mtu.

Ndugu zangu bei haitashuka kwa sababu tunalalamika, na makampuni yataendelea kupunguza watu kila mradi ukiisha. Heshimu kazi yako kabla hujaomba mtu mwingine aiheshimu, jua unadai nini, jua kifaa chako kina umri gani, acha kusaini kwa aibu. Aibu imewafilisi mafundi wengi wa mkoa huu kuliko dola.

Mdogo wangu wa Kaliua, ofisi ya CMA unayoihitaji iko Tabora mjini. Barua yako umeniambia ina wiki mbili, kwa hiyo bado uko ndani ya siku 30, usizimalizie nyumbani. Beba barua, mkataba, salari slipu na kitambulisho, na hao wenzako nendeni pamoja, jazeni fomu wote siku moja. Vifaa waachie stoo kwao. Ukishatoka pale nipigie, na kabla hujaondoka kwenye hiyo kampuni zipige picha lebo za hizo hanesi wanazowapa, zinaweza kukusaidia kwenye kikao.